Jumla Haifiki Tisini

Mimi ndiye niliyeshika kalamu.
Meza ya shule, mguu mmoja umeliwa na mchwa,
nimeuinua kwa kipande cha msonobari,
na juu yake daftari la kwaya mbili
lililoanza maisha likiandika mikopo ya mbao.

Wa kwanza, tatu. Wa pili, mbili. Wa tatu, moja.
Wa nne anabaki na nguo za kufua.

Mei tulianza na ukungu.
Nilisikia pikipiki nne, nikaona mbili.
Wanazunguka kushoto, kushoto tu,
kama ng'ombe wanaopura ngano,
breki hawana, zimefunguliwa zote,
zimo kwenye ndoo ya fundi Mhongole,
na kona wanaiingia kwa ubavu,
mguu umeburuzwa ndani ya kiatu cha chuma
kilichokatwa kwenye springi ya fuso.

Juni, Makambako, tukapigwa
hamsini na mbili kwa thelathini na nane.
Upepo wa kule hauna adabu.
Ulinipokonya karatasi ya raundi ya saba,
nikaikimbiza kwenye mabua hadi nikavua viatu.
Raundi ile nimeiandika kwa kuulizia.

Julai, sakitu. Uwanja mweupe kama uliomwagiwa sukari.
Vitus Kikoti akachomoa plagi
akaipasha kwenye jiko la mama wa maandazi,
akala na maandazi mawili, hakulipa.
Siku ile alishinda mara tano.

Agosti tulikwenda Tukuyu.
Mvua ya Tukuyu haisomi kalenda.
Raundi nne, basi; tukarudi na mikungu ya ndizi
na matope masikioni.

Halafu Oktoba, nyumbani, na Mbalizi.
Vumbi. Unga wa mbao umemwagwa kwenye kona,
watu wamekaa juu ya magogo, juu ya malori,
padre amekaa juu ya kreti ya soda.
Raundi kumi na nne zimekwisha:
arobaini na mbili, arobaini na mbili.

Ya mwisho. Vitus kofia nyekundu,
Ambokile wa Mbalizi kofia ya njano, yuko mbele.
Mzunguko wa tatu, kona ya pili,
gurudumu la Ambokile likakataa,
na Vitus, kwa kuwa hana breki,
akailaza yake chini, akaburuzika nayo,
akasimama shubiri moja kutoka kwenye shingo ya mwenzake.

Wawili waliobaki wakamaliza. Tatu kwao, mbili kwetu.
Pointi ya wa tatu ilikuwa inangoja mtu.
Sheria inaruhusu kusukuma:
ukifika mstarini kwa miguu yako na pikipiki yako, ni yako.
Mafinga nzima ikapiga kelele, Sukuma! Sukuma!
Hata padre. Hata mimi,
karani, ambaye sina upande.

Vitus aliinua pikipiki, ndiyo,
lakini aliinua ile ya Ambokile,
bomba la moshi lilikuwa limelala kwenye paja la yule kijana.
Kisha akaketi vumbini kando yake
akamshika mkono, kama watu wanaosubiri basi.

Arobaini na tano, arobaini na nne.

Wiki mbili muuza vipuri hakumkopesha hata nati.
Mtu aliandika neno kwa chaki kwenye mlango wa mama yake;
mama akalifuta, akaning'iniza hapo mkeka.

Sasa ni Novemba. Uwanja umejaa maji,
michirizi ya magurudumu imekuwa mito ya vyura,
huko mabondeni wameanza kukata mianzi ya ulanzi.
Na katibu wa ligi amenirudishia daftari kutoka Njombe,
amezungushia jumla kwa wino mwekundu:
Bi Kihwele, raundi kumi na tano ni pointi tisini.
Hapa naona themanini na tisa. Rekebisha.

Nimehesabu tena. Nimehesabu kwa vidole, kwa punje za mahindi.
Themanini na tisa.
Nimelifunga daftari kwa uzi, nimelirudisha kwa basi la asubuhi
kama lilivyo.