Kabla ya Swali

Magurudumu yake tuliyapata Barabara ya Kirinyaga,
yametoka kwenye gari la mtoto aliyekwisha kukua.
Kerubo akakaza skrubu ya mwisho, akamweka sakafuni,
ghorofa ya tatu, Chiromo, saa mbili usiku,
akamwambia: nenda.
Wapi? Hakusema.
Kwa ujira gani? Hakuna.
Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, sawa,
lakini huyu hakuahidiwa hata huo wali.

Nilikuwa zamu. Nilimwona akigonga ukuta,
akirudi nyuma, akigonga tena, pembeni kidogo,
kama mpangaji anayepapasa swichi
usiku wa kwanza.
Kila kigae alikiwekea hesabu:
hapa mara tisa, hapa mara mbili,
pale karibu na ndoo ya Mama Nafuna, sufuri.
Basi huko ndiko alikoelekea,
akiifuata sufuri
kama wengine tuufuatavyo mshahara.

Usiku wa nne alinasa.
Taa ya korido, ile mbovu, ilikuwa ikipepesa,
na kila mpepeso kwake ulikuwa mpya.
Alfajiri tulimkuta chini yake, betri imekwisha,
amejaa ugeni, hajajifunza kitu.
Kerubo akacheka. Mimi nikairudisha simu mfukoni.
Akafuta mistari, akaandika mingine:
si kila kinachokushangaza kinakufunza;
uliza kwanza kama ukikirudia utakielewa.

Mkuu wa idara akapita.
"Kinafanya nini hiki?"
"Kinatembea."
"Kinatafuta nini?"
"Bado hatujakiambia."
Akaandika kitu daftarini. Bajeti, nadhani.

Kisha Alhamisi ile ya mvua, stima zikapotea,
jokofu la sampuli likaanza kutoa jasho.
Kerubo akampa pointi moja, ya kwanza maishani mwake:
mlango wa jenereta.
Hakujifunza. Alikumbuka.
Tukaifuata taa yake nyekundu gizani, kona kwa kona,
watu wazima watatu nyuma ya gari la mtoto.

Mwaka nilioachishwa kazi nilizunguka jiji hili kwa miguu,
Kariobangi, Ngara, Kijabe Street, bila shughuli.
Shemeji akaniita mzururaji.
Sikuwa na jibu. Hata sasa sina zuri.

Stima ziliporudi tulimtafuta tumpongeze.
Alikuwa ameshaondoka,
yuko nyuma ya jokofu, anasukuma vumbi
kuelekea kigae kimoja
kilichokuwa bado kinasoma sufuri.