Pipa la Muyeye

Siku ya tatu pipa huanza kunong'ona.
Nainama, sikio juu ya plastiki ya buluu:
mtama unapumua, povu linapanda
tone kwa tone, kama mtu anayekumbuka madeni.

Zamani nilikuwa mteja wa Ngowa, wa duka la dawa za mifugo.
Kijiko cha unga wa manjano kwa lita ishirini,
wawe wagonjwa, wasiwe wagonjwa.
"Kinga, mama, kinga,"
na chenji akinirudishia kwa peremende.
Sikuhesabu kuku, nilihesabu siku:
thelathini na tano, gari la hoteli, pesa.
Siku za kuacha dawa kabla ya kisu
ziliandikwa nyuma ya pakiti, herufi kama mayai ya chawa.
Sikuzisoma.
Hapana. Nilizisoma.

Kisha bati likamkata Umazi kisigino.
Kidonda kikaikataa dawa ya kwanza, kikaikataa ya pili.
Daktari hakunilaumu. Aliuliza tu,
akiandika, bila kuinua macho:
"Nyumbani mnafuga nini?"

Basi mtama, pumba, kikombe cha maziwa ya mgando,
maji ya mfereji yaliyolala nje usiku kucha.
Kundi la kwanza nilizika kumi na wanne,
nyuma ya choo, kwa jembe la kuazima.
Kundi la pili, watatu.
La tatu sisemi, bado wanakula.

Harufu iliruka ua kabla yangu.
Jumanne wakaja askari wawili wa chifu:
"Mama Umazi, fungua hiyo busaa."
Mmoja akachovya kidole, akalamba, akakunja uso.
"Huu ni uji uliogombana na mwenyewe."
"Si wangu," nikasema. "Wenyewe wale pale."
Kuku mia mbili wakageuza shingo kwa pamoja.

Sasa wanafika uzito siku ya thelathini na tisa.
Mpishi wa hoteli anataka thelathini na tano.
Hizo siku nne nazilipa mimi,
na hakuna anayenipa risiti.
Lakini maranda ni makavu, macho hayanichomi tena bandani,
na kisigino kimefunga, kimeacha kovu la rangi ya korosho.

Jana Ngowa alipita, akasimama mlangoni.
"Wasema unaweka nini humo?"
Nikamchotea kikombe cha maji ya pipa, akaanzishie lake.
Alikishika mbali na shati lake,
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani.
Sijui kama kilifika kwake
au kiliishia mtaroni.