Beleshi la Mashoto

Vitu vya Digory Pascoe vilinadiwa Jumanne
juu ya mlango uliong'olewa, ukalazwa kwenye mapipa mawili,
mbele ya duka la Haskett, hapa Barkerville,
theluji ya Mei ikigoma kuyeyuka chini yake.

Mnadi alikuwa na mafua.
Alipiga kelele, akapenga kamasi, akapiga kelele tena:
Karai la kuchekechea! Tundu moja, limezibwa kwa risasi.
Sururu, ncha mpya.
Viatu vya mpira: kimoja kizima, kimoja kimepasuliwa na daktari.
Zebaki, nusu kichupa.
Blanketi jeupe la wanunua manyoya,
lililomgharimu marehemu ngozi tatu za biva na urafiki mmoja.
Mishumaa kumi na mmoja.
"Wa kumi na mbili alifia nao," mtu akatania.
Akacheka peke yake.

Mimi, Obadiah Quarles,
niliyekuja kutoka California kwa miguu na meli,
karatasi ya uhuru wangu imeshonewa ndani ya kizibao,
nilikuwa na vumbi la dhahabu la kununulia kitu kimoja tu.
Nikachukua beleshi.
"Chuma hakina mwenyewe," mnadi alisema,
mizani ikitetemeka mkononi mwake.

Chuma, sawa.
Lakini ule mpini ulinikataa wiki nzima.
Malengelenge yaliniota nisipozoea kuyaota.
Kiganja kilipotua, mti umevimba;
pasipo na mkono wangu, umebonyea,
laini kama sabuni iliyobaki kipande.
Niliukwangua kwa kigae cha chupa,
nikaupaka mafuta ya nguruwe,
nikautukana, yeye na msitu uliomzaa.

Hata usiku mmoja, futi arobaini chini,
maji yakinidondokea shingoni,
mshumaa umebaki ukucha,
nikabadili mikono. Kwa uchovu, si kwa akili.
Kushoto mbele, kulia nyuma.
Beleshi likanyamaza.
Kidole gumba kikaingia kwenye kishimo chake
kama mtu arudiye kwake gizani
asiyehitaji kupapasa kitasa.

Alikuwa mashoto!
Bonde zima lilijua deni lake la unga,
lilijua alivyokoroma, lilijua dari lilivyomwangukia.
Hili walimwachia mti aseme.

Tangu siku ile nachimba kwa mkono
ambao mama aliupiga mwiko nilipoushikia kijiko.
Mchanga unaruka upande mwingine.
Mwenzangu Tobiah imebidi ahame aliposimama,
ananung'unika hadi leo.

Dhahabu? Ya chumvi. Ya mishumaa.

Jana dirishani kwa Haskett nimeona mipini mipya,
myeupe, imenyooka, haimjui mtu.
Nikaingia, nikapima mmoja kiganjani,
nikauliza bei, nikaambiwa.
Nikaurudisha, nikanunua misumari.