Santrali

Kopo la maziwa ya unga, mdomo umeshika kutu,
ndani santrali kumi na saba za klinyota,
za malori ambayo mengine yamekwisha kuwa sufuria.
Huo ndio urithi wangu.
Kaka zangu walichukua kiwanja cha Katuba.

Kila moja ni kidumu cha bati, unene wa kidole gumba,
miguu mitatu chini: X, L, P.
Ndani ukanda mwembamba unapata joto, unajikunja,
unaachia,
unapoa, unarudi.
Basi, hakuna siri nyingine.
Lakini bila huo, tani thelathini za shaba
hazina mdomo wa kusema: nakata kushoto.

Baba, Fundi Kabwita, baruti za mgodi zilimla masikio yote mawili.
Santrali alizipima kwa meno.
Aliunga waya kwenye betri mbili za lori,
akaing'ata ile bati kwa magego, akafumba macho, akahesabu.
Ikimridhisha, kopo.
Isipomridhisha, gurudumu la gari langu la waya.
Madereva walicheka: huyu mzee anakula spea!
Alicheka nao. Alikuwa ameona midomo yao.

Jumanne amekuja Mwelwa, macho mekundu,
usiku tatu kwenye foleni ya Kasumbalesa.
"Wameniuzia ya plastiki. Bubu.
Nimetoka Likasi mpaka hapa ninawaka kulia
na kulia siendi. Nimetukanwa njia nzima.
Nipe ile inayosema."

Nina masikio mazima, mimi.
Hata hivyo nimeing'ata.
Ladha ya sarafu, kisha tak,
tak,
mpaka kwenye taya, mpaka nyuma ya jicho.

Alinifundisha jambo moja kwa vidole, kwenye meza ya banda:
taa moja ikiungua, iliyobaki inakimbia.
Tak-tak-tak-tak.
Si ubovu, akasema. Inatoa habari.

Mwaka tuliomzika mama
baba alianza kutembea upesi,
kumeza bukari bila kupuliza,
kufunga banda kabla ya saa tisa.
Majirani wa Kenya walisema, tazama, amepata nguvu.
Nasi tulisema hivyohivyo.
Watoto wa fundi umeme.

Mwelwa amelipa kwa faranga zilizolegea kama kitambaa,
amepanda, amewasha.
Nimesimama nyuma ya lori, mkono juu,
vumbi la Kipushi mdomoni.
Kushoto: taratibu, rangi ya embe, sawa.
Kulia.
"Tena," nimepiga kelele. "Washa tena kulia."
Inakimbia.
Ameshatia gia, anataka kulala kwake leo.
Nimegonga bati kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu.
"Shuka, Mwelwa. Zima, ushuke.
Kuna moja imekufa huku."