Jua Halina Jiwe

Siku ya nne ukungu haujainuka Kyimo.
Mahindi darini yameanza kunuka uvundo,
migomba inachuruzika kama watu waliotoka kuoga,
na mimi nagonga kokoto, goti moja kwenye gunia.

Ambokile karudi shule na neno jipya.
"Mama, jua ni lava. Donge la lava,
kama ile ya Daraja la Mungu, ila kubwa."
Kasema hivyo amekalia jiwe
ambalo zamani lilikuwa lava.

Nikaweka nyundo chini.
Mimi shule niliiacha kidato cha tatu,
fizikia ndiyo haikuniacha.

Lava, mwanangu, ni jiwe lililoshindwa.
Mlima Rungwe ulipotapika
mwamba uliteremka bondeni kama uji mzito,
ukakutana na mto, ukafoka mvuke, ukaganda.
Digrii elfu moja na mia, hapo lava imejitutumua kweli.
Jua, ngozi yake tu, huko nje kwenye nafuu,
ni mara tano ya hapo.
Ukiitupa lava kule haitachuruzika wala kuganda:
itakuwa mvuke hujamaliza kusema ndaga.

"Sasa limeumbwa na nini?"

Gesi. Haidrojeni,
hiyohiyo iliyomo kwenye tone linalokudondokea shingoni.
Robo yake hivi ni heli.
Chuma kipo, kama chumvi kwenye sufuria la msibani,
na hata hicho chuma ni mvuke.
Jua halina jiwe.
Hakuna pa kusimama, hakuna pa kugonga nyundo.

"Na kuni?"

Halina kuni.
Linajilemea lenyewe, uzito juu ya uzito,
mpaka huko kitovuni viini vinne vya haidrojeni
vinaungana kuwa kimoja cha heli,
na katika kuungana, kitu kidogo kinapungua kwenye mizani.
Hicho kilichopungua
ndicho kinachokausha mahindi yetu.

Akacheka. "Kama mizani ya Mwasomola sokoni!"

Ya Mwasomola inapungua gizani.
Ya jua inapungua, kunakucha.

Nikamshika mkono, tukazunguka nyuma ya zizi,
nikauzamisha mkono wake kwenye lundo la samadi.
Akaruka. Moto!
Nikamwambia: ungechota kiini cha jua ndoo moja,
joto linalozaliwa humo kwa dakika
halitofautiani sana na la ndoo ya hiki kinyesi.
Akanitazama kama ninamwibia.
Lakini ndoo za jua hazina idadi, nikasema,
na zimekumbatiana,
joto la katikati linahangaika maelfu ya miaka
kutafuta mlango.

Tukarudi kwenye kokoto.
Alikaa kimya muda mrefu, ananusa vidole.

"Kwa hiyo lava na jua si ndugu."

Hapo ndipo nilipokwama.
Nikaokota kipande kilichopasuka asubuhi,
ndani cheusi, kina vitundu
pale gesi ilipotokea ikikimbia.
Nikakumbuka ukurasa mmoja, ule wa mwisho
kabla sijafunga begi langu la shule.
Chuma kilichomo humu, nikasema,
hakikupikwa na Rungwe. Hakikupikwa hata na jua hili.
Kilipikwa na majua mengine, yaliyokufa
kabla hili letu halijawa na jina.
Mlima ulikipasha moto tu, kama kiporo.

"Basi ni yatima," akasema.
Sikuongeza neno.

Saa nane ukungu ukachanika upande wa Masoko,
mwanga ukatufikia, umri wake dakika nane
tangu uuache uso wa jua.
Ambokile akapanda darini bila kutumwa,
akashusha mahindi, akayatandaza juu ya mwamba mweusi
kwa sababu, alisema, mweusi hausahau joto upesi.

Nami nikaendelea kugonga.
Jioni lori la mtu wa Tukuyu likaja kupakia,
mtu anayejenga ghorofa.
Majivu ya majua yaliyokufa, ndoo arobaini na mbili.
Bei sikupandisha.