Gundi

Ni mimi niliyeandika kumbukumbu za kikao kile:
Jumanne, saa moja jioni, ukumbi wa mazoezi,
kwani chumba cha bodi kilikuwa kimefurika.
Viti vya kukunja mia mbili, waliokosa wakaegemea ukuta
chini ya mabango ya mpira wa vikapu.
Kansas, upande wa magharibi, ngano imeshavunwa,
upepo ukitikisa mabati kama mgeni asiyejua kubisha hodi.

Harlan Stucky, mwenyekiti, muuzaji wa matrekta,
alisafisha koo. "Hatumfukuzi mtu," alisema.
"Tunataka kibandiko tu. Kidogo. Ndani ya jalada."

Mwalimu Verlene Koster akasimama na chaki mkononi,
si ya dukani, aliimega kilimani nyuma ya shule.
"Hii ilikuwa bahari," akasema. "Vumbi hili lilikuwa na uhai.
Naandika ubaoni kwa mifupa ya viumbe,
nanyi mnataka niwaambie watoto kwamba sijui nimeshika nini."

Mmoja akazomea. Mmoja akapiga makofi.
Mama mmoja akalia: mwanawe amerudi nyumbani
akiuliza kama babu yake alikuwa nyani,
na babu mwenyewe wamemzika juzi.
Hilo nililiandika pia. Hakuna aliyecheka.

Kura nne kwa tatu.

Vibandiko vikaja kwa posta, roli mbili, rangi ya maziwa:
Mageuko ya viumbe ni nadharia, si jambo la hakika.
Yasomwe kwa tahadhari.
Vitabu mia mbili na kumi na moja, na karani ni mmoja.
Nilibandika. Msinitazame hivyo.
Nina mkopo wa nyumba, nina magoti mabovu,
na Jumapili nakaa benchi la pili nyuma ya Harlan,
namsikia akiimba, na sauti ile haina unafiki.

Baba yangu alikuwa shemasi wa kanisa lile lile.
Plau yake ilifukua meno ya papa
katikati ya ngano, mwendo wa siku nzima kwa gari
kutoka pwani iliyo karibu.
Aliyatia kwenye kopo la kahawa.
Nilipomuuliza yametoka wapi, alijibu, "Kwa papa."
Basi. Akafuta jasho, akapanda trekta.
Hakuniambia yana umri gani,
wala hakuniambia nisiulize.

Kabla ya Krismasi watoto walikuwa wameshavibandua.
Kimoja nilikikuta mlangoni mwa choo,
kimoja kwenye gari la kocha,
kimoja jikoni, kwenye sufuria ya mchuzi wa nyama:
si jambo la hakika.
Tobin, mwana wa yule mama aliyelia,
alikivaa kifuani kutwa nzima.
Mwalimu Koster alimsoma toka juu hadi chini.
"Haya, kaa," akasema. "Tutakusoma kwa tahadhari."

Theluji ikayeyuka, uchaguzi ukafika,
Harlan akaanguka kwa kura kumi na tisa.
Bodi mpya ikaamua: viondolewe. Na nani? Karani yule yule,
kwa malipo ya saa, na maji moto, na kisu cha siagi.
Karatasi ilitoka. Gundi ilikataa.
Kila jalada limebaki na mraba wa kijivu unaonata kidole,
na vumbi la chaki likipeperuka toka ubaoni
hutua hapo, likaganda.

Verlene alikuwa ameshahamia Nebraska.
Harlan hunishika mkono mlangoni mwa kanisa,
huniuliza magoti yanaendeleaje.

Kopo la baba liko mezani pangu sasa, karibu na simu.
Wanafunzi wakija kuchukua vibali vya kuchelewa
hutia mkono, hutoa jino, huligeuza kwenye mwanga.
Limetoka wapi hili, Bi Orpha?
Kwa papa, nawaambia.
Wengi huridhika. Mmoja mmoja hubaki amesimama,
jino kiganjani, akingoja niendelee.