Lango la Kumi na Saba

Maji ya hapa hayaulizi mwezi.
Hupwa na kujaa kwa amri ya Glenys,
kwa mkono wa chuma alioufutika kiunoni kama jambia.

Miaka yote malango ya mfereji wa Worcester
yalikuwa kazi ya Clifford.
Aprili hii nyonga mpya imemketisha kwenye usukani,
na kutoka shimoni anafoka: "Taratibu! Taratibu!"
kana kwamba maji ameyavumbua yeye.

Glenys hajibu. Ameupa mgongo mti wa lango,
anausukuma kinyumenyume, visigino vikichimba matope:
kufika kwa kurudi nyuma.

Maji yakimwagika hayazoleki, tunaambiwa.
Hapa yanamwagwa makusudi, chumba kizima,
ili mashua nyembamba, pamoja na jiko na paka wake,
ipande futi saba
hadi usawa wa wanakondoo.

Clifford anapanda na chai yake iliyopoa.
Ukuta wa utelezi unashuka mbele ya pua yake.
Kwanza anaona buti.
Halafu magoti yenye tope.
Halafu uso, mwekundu kwa upepo,
chavua ya mierebi nyweleni.

Kelele zinamwisha.
"Umechoka?"
"Yamebaki manne. Shika usukani."